Sentensi Mia na Ishirini za Kukana

Johannesburg, 12 Machi 2017

Mdogo wangu Elisante,

Kabla hujaendelea na mstari wa pili, ingia ndani ukamwamkie mama kwa niaba yangu. Umemwamkia? Haya, kaa sasa tuongee. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika asubuhi, maana baridi ya huku imeanza kuchungulia. Hapa kwangu Randburg kumetulia, hakuna jipya. Mkeo Beatha mwambie kitambaa chake nimekitafuta Marshalltown kwa wale wanaotandaza bidhaa chini, nimekipata, ila ni cha kijani, siyo bluu. Avumilie.

Bado natii amri ya mama. Tangu siku ile tulipotukanana kwenye simu mpaka jirani zenu wakatoka nje kusikiliza, alisema tuandikiane, kwa sababu karatasi haipazi sauti. Basi naandika, na Bakiri anapeleka akija huko na mablanketi yake ya kuuza. Akigeuza na majibu, aishushe barua dukani kwa Marcelline, Rosettenville, asihangaike kwenda Randburg. Marcelline ni fundi cherehani, Mkongo wa Uvira. Namsaidia kupiga pindo na vifungo siku hizi ili nisikae bure.

Sasa sikiliza. Mwezi jana nilikuwa hapo dukani nikajichoma sindano kidole hiki cha shahada, nikatukana kwa Kigweno, lile tusi la bibi, unalijua. Kulikuwa na mteja, bwana mmoja mwenye miwani, amekuja kupunguza suruali. Akaiacha suruali. "Mama, ile luga ni ya wapi?" Nikafikiri ameudhika. Kumbe ni mwalimu wa chuo kikuu, Daktari Théodore, Mkongo wa Lubumbashi, na kazi yake ni kuchunguza namna watu wanavyokana. Usicheke. Wako watu, anasema, wanaokana mwanzo wa sentensi. Wengine wanaacha mpaka mwisho kabisa, unamsikiliza mtu unadhani anakubali, kumbe neno la kukataa linakuja nyuma. Wengine wanakana mwanzo na mwisho, kama anayefunga mlango na kuweka kiti. Ameshapita lugha thelathini na saba. Kigweno hana.

Alinirekodi mimi kwanza. Eish, aibu niliyoipata! Kusalimu naweza, kutukana naweza, lakini kila nikifika kwenye kukana, Kiswahili kinaniponyoka mdomoni. Miaka ishirini na mitano sina wa kuongea naye lugha yetu, unategemea nini? Akasema anahitaji mtu asiyewahi kuondoka. Nikamwambia ninaye, mama yangu mzazi, ana miaka themanini na mitatu na meno yake sita.

Kwa hiyo Bakiri anakuletea kirekodi, karatasi yenye sentensi mia na ishirini kwa Kiswahili, na fomu ya ridhaa ambayo mama ataweka kidole gumba. Wewe unasoma, mama anasema kwa Kigweno. Basi.

Na lingine. Kile kiwanja cha chini, kando ya mfereji, alichonigawia mama mbele ya ukoo, Desemba nataka nianze msingi. Nimezeeka, nataka kuja kuishi nyumbani. Niandikie kiko katika hali gani.

Dada yako anayekukumbuka hata ukimuudhi,
Rosalia

*

Ugweno, 29 Aprili 2017

Dada Rosalia, shikamoo.

Mama amepokea salamu akasema, "Mwambie sijafa, asiniulize kila barua." Anakula vizuri, kahawa anakunywa kuliko mimi. Mvua za masika zimekuja kwa fujo, barabara ya Kifula imekatika mahali pawili na gari la mkaa limelala ubavu siku tatu. Parachichi zimebeba mwaka huu hadi matawi yanaomba msaada. Beatha amekubali kijani.

Karatasi zako nimezisoma mara nne. Ya kwanza nikiwa nimesimama, ya pili nimekaa, ya tatu na ya nne mlango umefungwa. Nikunukulie, huenda hukumbuki ulichotuma. Namba 14: Elisante hakulima. Namba 31: Shamba hili si la Elisante. Namba 32: Kiwanja cha chini hakijauzwa. Namba 33: Mama hakumpa Elisante kiwanja. Namba 77, hii nimeipenda sana: Elisante hasemi ukweli.

Dada, huyo daktari wa Lubumbashi amenijulia wapi?

Nikuulize kama mdogo wako tu. Mtu mzima mwenye akili timamu anazunguka dunia anakusanya hapana, hapana inaliwa? Inajenga? Na mtu mwenye sauti ya mama yetu akitamka namba 31, na gumba la mama huyo huyo kwenye karatasi ya Kiingereza, atakuwa ameshika nini mkononi? Sijasomea sheria, lakini mwaka jana hapa kata mzee mmoja alinyang'anywa nusu ya shamba kwa sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa kwenye simu ya mjukuu. Alikuwa anatania kilabuni. Baraza halikucheka.

Wewe ni dada yangu, tumenyonya titi moja. Lakini wewe uko mbali, na mimi ndiye nipo hapa. Kirekodi nimekifungia kabatini mpaka unieleze nani aliandika sentensi hizi na kwa ajili gani.

Mdogo wako mwenye mashaka,
Elisante

*

Johannesburg, 4 Juni 2017

Elisante,

Salamu kwa mama, kwa Beatha, kwa parachichi pia. Hapa baridi imeshika kweli, maji ya bomba asubuhi yanakata vidole. Fujo zile za mwezi wa pili hapa Rosettenville, za kuchoma nyumba, zimepoa, watu wamerudi kuuza nyanya zao.

Nimesoma barua yako mbele ya Marcelline nikacheka mpaka akauliza kuna nini. Halafu nilipofika mwisho sikucheka tena.

Sentensi niliandika mimi. Mimi, Rosalia, kwa mkono wangu, ofisini kwa Daktari Théodore. Alikuja na orodha yake ya Kizungu, imejaa majina ya Yohana na Maria, na theluji, na treni. Yohana hakupanda treni. Mama atasemaje hiyo? Daktari mwenyewe ndiye aliyesema, "Mama, tia vitu anajua, tia watu wa nyumba, atasema bila kufikiri." Nikatia watu wa nyumba. Umeona sentensi zako tano, hukuona zangu? Namba 90, Rosalia hakuja jana. Namba 104, Rosalia hatarudi. Hapo nilikuwa nataka kukana kwa wakati ujao, nikaweka jina langu bila hata kusita. Namba 77 nakiri niliiweka kwa kusudi, kukutania.

Fomu ni ya kumlinda mama, siyo ya kumnyang'anya. Inasema akitaka sauti yake irudishwe, itarudishwa. Muulize mchungaji akusomee kama Kiingereza kimekutupa mkono.

Halafu mdogo wangu, na mimi nina swali. Mtu anayelala vizuri haogopi sentensi. Mia na ishirini zote, wewe jicho lako limekwenda moja kwa moja kwenye kiwanja. Na katika barua nzima, uliyoandika mlango umefungwa, hukunijibu kiko katika hali gani. Umeniandikia habari za gari la mkaa! Kile kiwanja ndicho kitu pekee nilicho nacho duniani ambacho hakuna mtu wa kuniambia toka. Piga picha, mpe Bakiri. Picha moja tu naomba.

Na Daktari anasema msemaji wa mwisho wa lugha yoyote hatoi taarifa kabla ya kuondoka. Mama ana themanini na tatu. Fungua kabati.

Rosalia

*

Ugweno, 27 Agosti 2017

Dada, shikamoo.

Usihesabu miezi, Bakiri alichelewa Tunduma, na mimi nilikuwa na kazi ya kahawa. Mama alipata mafua wiki mbili, amepona. Amevua soksi akasema asifanywe mgonjwa. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Kwaya ya kina mama imeshika nafasi ya pili jimboni, Beatha hazungumzi kingine. Mchungaji ameisoma fomu, anasema haina neno baya, ila na yeye hajui hapana ni za nini.

Picha unayo ndani ya bahasha. Unaona mwenyewe hali ilivyo, kijani kitupu.

Sasa na mimi niruhusu. Bakiri ni mtu wa watu, ukimpa ugali anasema kila kitu. Nilimuuliza, nyumba ya dada Randburg ikoje, bado ina yale maua aliyoyasifia? Akanitazama. Akasema Randburg hajawahi kufika. Akasema siku alipokuja kuchukua kitambaa cha Beatha, ulikitoa chumba cha nyuma ya duka la fundi, na kitanda chako kimo humo, na picha ya harusi yako na shemeji Mzwandile imeegemezwa ukutani juu ya marobota.

Dada, kwa nini picha ya harusi iko dukani? Nyumba ya marehemu shemeji anakaa nani?

Kirekodi bado kiko kabatini. Nakipangusa vumbi.

Elisante

*

Johannesburg, 15 Oktoba 2017

Elisante,

Mama hajambo? Ng'ombe hajambo? Vizuri.

Umenitumia picha ya migomba. Migomba iko Ugweno nzima. Mfereji uko wapi? Jiwe la mpaka liko wapi? Marcelline ameitazama akasema, "Ma Rosa, huyu mutu alipiga picha akiwa amegeuka mugongo." Mkongo wa watu, hajawahi kufika kwetu, ameliona hilo.

Habari za kitanda changu zinakuhusu nini? Mimi ndiye niliyeuliza kwanza. Swali la kwanza hujibiwa kwanza, ndivyo tulivyolelewa. Siku ukinijibu kuhusu kiwanja nitakujibu kuhusu kitanda.

Na Bakiri mwambie ugali wa watu usimlegeze ulimi.

R.

*

Ugweno, 14 Januari 2018

Dada Rosalia, shikamoo. Heri ya mwaka mpya, ingawa najua umeuanza na kinyongo.

Mama anaendelea vizuri. Siku ya Krismasi alitembea mwenyewe hadi kanisani, akaimba beti zote, hata zile ambazo wengine tunafungua mdomo tu.

Nimemrekodi. Kirekodi anacho Bakiri, kimefungwa ndani ya soksi. Nikueleze ilivyokuwa, maana huyo daktari wako akisikiliza anaweza kudhani nimeharibu.

Mama alikuwa jikoni anapukuchua mahindi. Nikawasha. Nikasoma namba moja, Mvua haikunyesha jana. Mama akaniangalia miguu. "Imenyesha. Hayo matope umeyatoa wapi?" Nikamwambia mama, sema tu hivyo hivyo kwa Kigweno, ni kazi ya shule. Akasema, "Niseme uongo kwa ajili ya shule? Shule gani hiyo?" Namba mbili, Kuku hawakula. "Wamekula, nimewapa mwenyewe." Ikawa hivyo. Unajua wazee wa kwetu, mtu mzima haokoti uongo wa mtu mwingine akautia mdomoni mwake, hata kwa mzaha. Nilisahau. Na wewe ulisahau, dada, umekaa sana na watu wa taa za robot na barabara za lami. Kila sentensi uliyoandika mama aliichukua kama kesi, akatoa hukumu.

Nilitaka kuzima. Lakini maelekezo yamesema usimsahihishe, usizime, usifute. Nikaendelea. Nilipofika namba 31 nilisimama, utasikia mahindi tu yakidondoka kwenye ungo. Hapo niliwaza nifanye nini. Kufuta najua, kitufe kiko pembeni. Kuruka ningeweza pia, mama hasomi. Lakini tangu mwaka jana wewe unanishuku mimi, nami nakushuku wewe, na kila barua yako ikifika Beatha ananiuliza mbona sili. Nimechoka. Nikasoma 31. Nikasoma 32. Nikasoma zote.

Kwenye fomu mama aliuliza kidole ni cha nini. Nikamwambia ili sauti yake ikae. "Ikae wapi?" Kwa Rosalia, Afrika Kusini. Akalowesha gumba kabla hata sijafungua wino.

Sikiliza mwenyewe. Mimi sina la kuongeza.

Elisante

*

Johannesburg, 11 Machi 2018

Elisante,

Salamu baadaye. Ngoja kwanza nitoe lililonikaa kooni.

Sikusikiliza peke yangu. Hilo hukulifikiria, na mimi sikulifikiria. Daktari Théodore alinivalisha spika za masikioni ofisini kwake, akavaa zake, akashika kalamu. Kazi yangu ilikuwa kumfasiria mama kwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi, naye anaandika. Mwanzoni tulicheka. Kwenye kuku alicheka hadi miwani ikaanguka. "Mama, huyu mzee hakukana kitu! Nimetafuta hapana mpaka Kilimanjaro, nimepata ndiyo!"

Halafu ikaja 32. Kiwanja cha chini hakijauzwa. Na sauti ya mama, ile ile ya kutuamsha shule, ikasema kwa Kigweno chake kisicho na chumvi: "Kimeuzwa. Elisante amekiuza kwa yule wa duka la mbolea. Kimekuwa pikipiki mbili za bodaboda, moja imeibiwa, nyingine imekuwa banda la kuku."

Daktari alikuwa ameinua kalamu ananingoja. Nikamwambia, anasema hivyo hivyo kama ulivyoandika, kiwanja hakijauzwa.

Akanitazama. "Mama, yeye amesema maneno mengi, wewe unanipa mawili."

Nikasema watu wa kwetu hukana kwa maneno mengi.

Akaandika. Elisante, niliiona kalamu inaandika uongo wangu kwa wino mweusi, chini ya jina la lugha yetu. Nilikuwa nakuficha wewe! Mwizi wa kiwanja changu, nakufunika nguo mbele ya mgeni, kwa sababu wewe ni mdogo wangu na aibu yako ni yangu. Nilijiona mjinga na bado nikaendelea kukuficha. Kwenye 33 mama alisema, "Amejipa mwenyewe," nikadanganya tena. Kwenye 77, Elisante hasemi ukweli, mama alisema, "Siku hizi hasemi, lakini utotoni alikuwa anasema." Hiyo nilishindwa kufasiri, nikaomba maji.

Ya 90, Rosalia hakuja jana. "Jana? Hata kumzika baba yake hakuja."

Hiyo nilifasiri sawasawa. Ilinistahili.

Na ya 104. Nasikia mahindi yameacha kudondoka. Halafu mama akasema: "Atarudi. Kiwanja chake umekila, kwa hiyo atalala kwako. Chumba cha mbele. Elisante, umesikia?" Na sauti yako kwa mbali: "Nimesikia, mama." Ukasoma 105, Mbwa habweki, kwa sauti ya mtu aliyepigwa.

Nililia, Elisante. Nililia mbele ya mwanaume wa watu mpaka akafunga mlango wa ofisi na kunipa karatasi za kufutia mikono, maana leso hakuwa nayo.

Usiku ule sikulala, siyo kwa ajili ya kiwanja tu. Nikawaza, kesho na keshokutwa mtu atafungua kitabu cha Daktari kujifunza lugha yetu, atakuta Wagweno hukana hivi, na ni mimi nimemwekea mama maneno mdomoni, mama asiyekubali hata kusema mvua haikunyesha. Asubuhi nikapanda teksi nikarudi. Nikamfasiria upya yote, na pikipiki, na banda la kuku. Nikamwomba akufute jina. Akashangaa. "Mama, majina tunafutaka sikuzote. Hapa mukaka wako ni herufi E tu." Mwaka mzima tumetiliana shaka, kumbe ungekuwa herufi.

Haya. Umenijibu la kiwanja, japo kwa mdomo wa mama. Na mimi nakujibu la kitanda. Nyumba ya Randburg sina. Mzwandile alipokufa, wanawe wa mke wa kwanza walinipa miezi mitatu, kisha wakaikata ikawa miwili, wakabadilisha kufuli nikiwa sokoni. Tangu 2015 naishi nyuma ya duka la Marcelline. Sikusema kwa sababu niliondoka kwetu kwa ngoma na vigelegele, mke wa mpigania uhuru, na sikutaka mseme nimerudishwa kama chenji.

Na mazishi ya baba. Niliwaambia nimekosa ruhusa kazini. Uongo. Mzwandile alikuwa na mwanamke mwingine mwaka ule, niliogopa nikiondoka wiki mbili nitamkuta jikoni kwangu. Nikachagua jiko. Kisha aibu ikaziba njia, mwaka ukazaa mwaka.

Kwa hiyo uliuza kiwanja cha mtu asiye na pengine pa kwenda. Nataka ujue hivyo unapokula. Niambie kwa mkono wako mwenyewe kwa nini. Sitaki kusikia kwa mama.

Rosalia

*

Ugweno, 8 Aprili 2018

Dada yangu, shikamoo.

Mama mzima. Sitaandika ng'ombe wala mvua.

Niliuza kwa sababu nilijua hutarudi. Ningependa niwe na sababu nzuri, kwamba kuna mtu aliugua, kwamba nilisomesha mtoto. Sina. Niliona mwenzangu amepata pikipiki ya mkopo nikatamani. Nikajiambia, miaka kumi na sita hajaja hata kuona kaburi la baba, kiwanja kinaota magugu, ni wa nini mtu wa Randburg kwenye mfereji wetu. Nilikuonea wivu pia. Nilidhani unalala kwenye nyumba yenye maua.

Nimekwenda mara mbili kwa yule wa duka la mbolea, nimempigia magoti. Hataki kurudisha, ameshaweka tofali.

Beatha amehamisha magunia chumba cha mbele, amepaka chokaa. Amepaka mwenyewe, hakunisubiri, na tangu asikie barua yako hanisemeshi. Mama anauliza kila siku kama umeandika.

Umenisamehe?

Elisante

*

Johannesburg, 29 Aprili 2018

Elisante,

Mwamkie mama. Mwambie nimeandika.

Sijakusamehe. Wala usinihimize, na usimtume mchungaji aje anihimize. Nitakaa chumba chako cha mbele, nitakula chakula chako, na kila ukifungua mlango asubuhi utanikuta. Tutaanzia hapo tuone.

Basi linaondoka Park Station Jumanne tarehe 8 Mei, Jumamosi nitakuwa stendi ya Mwanga. Marcelline amenipa cherehani yake ya zamani, ya chuma kile kile cha wakoloni, wanaume wawili wanahema wakiibeba. Usimlete mtu wa kukusaidia. Utaibeba mwenyewe.

Rosalia